Nyasi za Nyumba ya Juu

Katika kijiji cha Planggi nyumba hazipigani vikumbo. Ziko kumi na moja, na kila moja imekaa peke yake mlimani kana kwamba imegombana na nyingine zote, na ukweli ni kwamba nyingi zilishagombana kweli. Ukitaka kuazima chumvi unavuka kijito na kupanda nusu saa nzima, ndiyo maana watu wa Planggi hujifunza mapema kula bila chumvi. Nyumba ya juu kuliko zote ilikuwa ya Apollonia, mjane wa Baltasar. Jumapili moja ya Julai, shemeji yake Ambros aliipanda njia yote hiyo baada ya misa, akiwa bado na koti lake la kanisani, kuja kumwambia auze ng'ombe.

Hakusema hivyo moja kwa moja. Mtu wa milimani huzunguka kwanza. Alisifu kahawa, akasifu jibini, akamuuliza hali ya goti lake, kisha akatazama nje ya dirisha. Hadi Januari pale chini palikuwa na konde la majani la ndugu yake. Sasa palikuwa na mawe, vigogo na udongo. Poromoko la theluji la Februari lilishuka mchana kweupe, likamkuta Baltasar akiburuta kuni, likamchukua yeye na konde lake lote, kisha likasimama hatua ishirini kutoka mlangoni.

"Shemeji," Ambros alisema hatimaye, "majira ya baridi huyu ng'ombe wako atakula nini? Mawe?"

"Bruni hajawahi kula mawe, na hataanza mwaka huu."

"Mimi sisemi kwa ubaya."

"Najua. Ungekuwa unasema kwa ubaya ungesema kabla ya kumaliza jibini yangu."

Ambros alicheka kidogo, akajifuta masharubu. Alikuwa na miaka sitini, mwenyekiti wa malisho ya kijiji, na alizishika kanuni za malisho kuliko padri anavyozishika amri kumi. Kanuni yenyewe kila mtoto wa Planggi huijua kabla hajaijua Baba Yetu. Ng'ombe anayekula malisho ya wote wakati wa kiangazi lazima awe amelishwa majira ya baridi kwa nyasi zilizokatwa na nyumba yake mwenyewe, hapa hapa mlimani. Nyasi za kununua bondeni hazihesabiwi, za kupewa na jirani hazihesabiwi. Siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, watu wawili hupita ghala kwa ghala wakiwa na ufito, na nyasi lazima zifike alama iliyochongwa kwenye nguzo. Zikifika, kijiti cha nyumba hukatwa alama ya mwaka huo; zisipofika, ng'ombe anauzwa. Na nyumba isiyo na ng'ombe haina neno kikaoni, haina malisho, haina kuni za msitu. Inaweza kuendelea kusimama ikitaka, lakini si nyumba tena.

"Niuzie mimi," alisema Ambros. "Nitakupa bei ya haki. Kisha uteremke kwa Kaspar. Mwanao ana chumba, ana umeme, na mkewe anajua kupika."

"Mkewe anapika viazi mpaka vinaomba msamaha."

"Apollonia, acha mzaha."

"Haya, nauacha. Nitakata nyasi za magengeni."

Ambros aliweka kikombe chini. Nyasi za magengeni ni zile zinazoota juu kabisa, katikati ya miamba, mahali ambapo hata mbuzi hufikiri mara mbili. Hazina mwenyewe mpaka siku ya kukata.

"Wewe? Magengeni? Na goti hilo?"

"Goti litakuja nami, sina pa kuliacha."

"Ile ni kazi ya wanaume. Tangu nizaliwe sijaona mwanamke—"

"Kanuni inasema nyumba moja, mundu mmoja. Inasema nyumba, shemeji, haisemi suruali. Wewe ndiye unayeikariri kila mwaka mbele ya watu. Nionyeshe basi palipotajwa suruali."

Ambros alifikiri kwa muda mrefu, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli na alitaka kweli kupaona mahali hapo. Hakupaona. Alivaa kofia yake akateremka, akitikisa kichwa mpaka alipofika kwenye kijito.

Kaspar naye aliandika barua kutoka kiwandani. Alisema hatapanda kuja kusaidia, kwa sababu kumsaidia mama yake kwenda magengeni ni kumsaidia kufa. Apollonia aliisoma mara moja, akawashia moto. Alimpenda mwanawe, na siku hiyo alimkasirikia kwa kadiri ile ile. Miaka thelathini na minne alikuwa ameishi katika nyumba ile. Aliingia akiwa bibi harusi mwenye sanduku moja, akazaa humo, akazika kutoka humo. Kama nyumba ingekufa, basi isife kwa sababu yeye alikaa jikoni akihesabu magoti yake.

Siku ya kukata ni tarehe kumi ya Agosti. Kengele ya kanisa dogo hupigwa jua linapogusa kilele, na kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuvuka kizingiti chake na mundu. Zamani watu wote walimcheka babu yake Baltasar kwa kujenga juu namna ile, chini ya theluji na mbali na kanisa. Lakini asubuhi hiyo, kengele ilipolia, Apollonia alikuwa na nusu saa mbele ya kila mtu, naye hakuipoteza hata dakika moja. Alivaa viatu vya marehemu mumewe, vyenye meno ya chuma chini, akavijaza matambara mbele ili vimtoshe. Begani aliweka mundu mrefu, ule wa kushikwa kwa mikono miwili na kufyekewa kwa kusimama, na kiunoni akafunga kinoo.

Alikwenda moja kwa moja kwenye genge linaloitwa Shavu, ambalo Baltasar alilikata miaka yote. Desturi ni nyepesi kueleza na ngumu kutenda: unakata mstari mmoja wa kulizunguka eneo lote, na mwisho wa mstari ukikutana na mwanzo wake, kilichomo ndani ni chako. Mpaka hapo, ni cha yeyote. Apollonia alianza upande wa juu. Huku juu mtu hafyeki kwa nguvu, hufyeka kwa kujibana, mguu mmoja juu na mwingine chini, na kila pigo anaomba lisimzungushe. Goti lilianza kulalamika mapema. Akaliambia linyamaze.

Alikuwa amebakiza hatua kama ishirini Melk alipotokea. Melk wa nyumba ya kijitoni alikuwa kapera wa miaka arobaini, mwenye miguu ya mbuzi na mdomo usiojua likizo, naye alikuwa na ng'ombe watatu na hamu kubwa ya Shavu.

"Mama Kaspar! Nani kakuleta huku? Utaanguka, halafu mimi ndiye nitakayebeba maiti, na mgongo wenyewe unaniuma!"

"Basi geuka uende zako, uupumzishe."

"Duara halijafungwa," Melk alisema. Akateremka mpaka pale palipobaki, akasimama katikati, akaanza kunoa mundu wake taratibu kama mtu aliye kwake. "Naona bado kuna mlango. Mimi ni mtu wa kuingia milango iliyo wazi."

Apollonia hakusimama. Hakupandisha sauti wala hakubishana. Aliendelea kufyeka, pigo kwa pigo, akimwelekea. Hatua kumi. Hatua tano. Chuma kilipita hewani na majani yakalala.

"Mama Kaspar, mimi nipo hapa, eh."

"Nakuona. Sogeza miguu, Melk. Mundu huu haukujui jina."

Pigo lililofuata lilipita shibiri moja kutoka kwenye kidole gumba chake. Melk aliruka nyuma, akashika jabali, na Apollonia akapita pale alipokuwa amesimama, akafunga duara. Kisha akaegemea mpini, akahema, akamtazama.

"Hebu tuone huo mlango sasa."

Melk alicheka mpaka akalazimika kuketi. "Mungu amrehemu Baltasar," alisema. "Kumbe alikuwa shujaa, na sisi hatukujua." Akachukua mundu wake akaenda genge la pili.

Kufunga duara ni jambo moja. Kuzishusha nyasi ni jambo jingine. Wenzake walikuwa na nyaya zilizofungwa kutoka juu mpaka ghalani, wanatundika mzigo, wanausukuma, wanausikia ukivuma hadi chini. Waya wa Baltasar ulikuwa umeng'olewa na lile poromoko. Kwa hiyo Apollonia alikata, akaanika, akageuza, akakusanya, akafunga kwenye nyavu, na kila mzigo akaushusha mgongoni mwake, akitanguliza kisigino na kushika mwamba kwa mkono mmoja. Siku nzuri alishusha mizigo mitatu. Siku za mvua hakushusha hata mmoja, akakaa dirishani akiitukana mvua. Mzigo wa kumi na tisa ulimponyoka ukatumbukia korongoni, na maneno aliyoyasema hapo padri angeziba masikio. Usiku goti lilivimba, asubuhi akalifunga kwa kitambaa chenye siki, akapanda tena. Haba na haba, walisema waliomwona kutoka chini, na wengine waliacha kucheka.

Tarehe tano ya Septemba alisimama ghalani akiwa na uma wake wa mbao, akatupa mafungu ya mwisho juu ya lundo, akapanda ngazi kutazama. Nyasi zilikuwa zimeipita alama ya nguzo kwa shibiri nzima. Alishuka, akaenda jikoni, akajimiminia kahawa na kuiongezea pombe kali kuliko ilivyo desturi ya mwanamke mwenye heshima. Alikuwa na furaha. Hakuna neno jingine la kuipamba.

Siku chache baadaye Ambros alipita akiwa anatafuta ndama aliyepotea. Apollonia akamwonyesha ghala, hakuweza kujizuia.

"Zitazame, shemeji. Suruali ziko wapi?"

Ambros alipanda ngazi. Alitia mkono wake kwenye lundo, nao ukazama mpaka kiwiko. Akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo. Kisha akaufunga.

"Hongera," alisema, akashuka, akaenda kumtafuta ndama wake.

Asubuhi ya Mtakatifu Mikaeli theluji ya kwanza ilikuwa imeshayafunika magenge. Bruni alikuwa zizini, ameshuka kutoka malisho ya juu akiwa amenenepa na mwenye kiburi. Apollonia alivaa gauni lake jeusi la kanisani na viatu vya Baltasar, akaenda kufungua ghala kabla wapimaji hawajafika, akasimama mbele ya nguzo.

Alama ilikuwa wazi. Nyasi zilikuwa chini yake kwa vidole vinne.

Mtu wa bondeni, mwenye nyasi nene, hawezi hata kulifanya kosa lile. Nyasi za magengeni ni nyembamba, na zikikaa ghalani hulala, hujikunja, hushuka. Ndiyo maana mwanamume hukaa juu ya lundo akilikanyaga tangu siku ya kwanza, na mwanamke husimama chini akimrushia. Kwa miaka thelathini na minne Apollonia alikuwa amerusha. Alijua nyasi hushuka, ndiyo maana akaweka shibiri ya ziada, kama alivyomwona mumewe akiweka. Lakini shibiri ya Baltasar ilikuwa juu ya nyasi zilizokanyagwa. Zake zilikuwa zimefura tu, hazikukanyagwa. Na mwaka huu hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Wapimaji wa mwaka huo, Ambros na Melk, waliingia wakijikung'uta theluji. Ambros alisimamisha ufito, akautazama, akautazama tena. Melk akainama naye kuutazama.

"Vidole vinne," alisema Ambros. "Pole, shemeji."

"Ulijua."

Ambros aliuondoa ufito kwenye nguzo.

"Uliweka mkono wako humu mwezi huu. Majani yalikuwa bado yako kule juu, jua lilikuwepo, ningeweza kushusha mizigo mingine miwili. Ulijua zitashuka."

"Nilijua," alisema Ambros. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Nilifikiri ni heri iwe hivi. Nimemzika ndugu yangu mwaka huu, Apollonia. Sikutaka kuja kukuokota wewe chini ya genge."

"Hukuulizwa unataka nini."

"Mzee Ambros," Melk aliingilia, "vidole vinne ni nini? Mimi sijaona kitu. Macho yangu ni mabovu tangu utoto."

"Nyamaza, Melk," alisema Apollonia. "Sijabeba nyasi karibu wiki nne ili nije nihurumiwe na macho yako." Akamgeukia Ambros. "Nyasi za mwaka jana zilizobaki katika nyumba zinahesabiwa?"

"Zinahesabiwa. Kama zilikatwa kwa mundu wa nyumba hiyo."

"Na kipimo kimekwisha?"

"Hakijaisha mpaka nikate alama kwenye kijiti chako. Lakini shemeji, nyasi za mwaka jana ziko wapi? Ghala lilikuwa tupu tangu Mei, nililiona mwenyewe."

Apollonia alikuwa ameshatoka.

Huku kwetu magodoro hayajazwi sufi. Ni magunia makubwa yaliyoshonwa, yamejazwa nyasi za magengeni, zile laini zenye kunukia, na hubadilishwa kila vuli. Apollonia aliburuta kwanza godoro lake kutoka ndani, kupitia theluji, mpaka mlangoni mwa ghala. Akarudi. Mara hii alikawia. Aliporudi alikuwa analivuta godoro la pili, na Melk aliyekuwa ameanza kwenda kumsaidia alisimama palepale. Katikati ya godoro hilo palikuwa na bonde refu, na upande wa juu shimo la bega. Tangu Februari hakuna aliyelilalia wala kulitikisa. Apollonia alikuwa akilitandika kila asubuhi bila kuligusa kwa nguvu.

"Mama Kaspar," Melk alisema kwa sauti ndogo, "labda hilo la kwako litatosha."

"Halitatosha. Najua kupima kwa macho."

Alichukua kisu cha mfukoni, akapasua mshono wa godoro lake. Kisha akapiga magoti mbele ya lile jingine. Mkono ulisita, na kila mtu aliuona ukisita. Akapasua. Nyasi zilimwagika zikiwa bado na harufu ya Agosti ya mwaka uliopita, nyasi alizozikata Baltasar mwenyewe pale Shavu, na pamoja na harufu hiyo harufu nyingine ambayo haikuwa ya nyasi. Ambros aligeuza uso.

Apollonia alizipepeta kwa mikono, akazitupa juu kwa uma wake, fungu baada ya fungu, mpaka magunia yote mawili yakabaki matupu. Lundo likaipita alama vizuri.

"Basi," alisema Ambros haraka, akitoa kisu na kijiti. "Zimefika. Nakata."

"Bado."

Alipanda ngazi na gauni lake jeusi, akaingia juu ya lundo, akaanza kukanyaga. Alikanyaga pembe zote nne, akakanyaga katikati, akarudi pembeni, goti likimchoma kila hatua. Alikanyaga nyasi za mumewe kwa viatu vya mumewe, na machozi hayakutoka, kwa sababu alikuwa anahesabu hatua. Nyasi zilishuka. Zilipokataa kushuka zaidi, akasimama.

"Sasa pima."

"Apollonia, nimeshasema zimefika."

"Ulisema zimefika zikiwa bado zimefura. Mwezi ujao ungekuwa na la kusema, na mwaka ujao wangekuwa nalo wengine. Usinihurumie, shemeji. Pima."

Ambros alisimamisha ufito. Aliushika kwa mikono miwili. Alisogeza uso karibu na nguzo kabisa.

"Zimezidi," alisema. "Kidole kimoja."

"Melk, tazama na wewe. Kwa yale macho yako mazuri."

"Kidole kimoja," alisema Melk. "Kinene."

Ambros alikata alama kwenye kijiti cha nyumba, akampa. Akayatazama magunia matupu.

"Utalala juu ya nini leo?"

"Juu ya mbao. Kesho nitatafuta majani makavu msituni. Nina haki ya msitu."

Wapimaji walikuwa na nyumba nyingine za kuzungukia kabla ya mchana, wakaenda. Apollonia alikunja magunia mawili, akayaweka mahali pasipo na panya, akaingia zizini. Bruni alikuwa ameshaanza kulalamika kwa kucheleweshwa. Apollonia alivuta kigoda, akaketi, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu Februari, alilia kwa sauti, alimlilia Baltasar na bega lake, na mikono yake haikuacha kukamua.